Mfumo Umepanda, Vifaa Vimegoma: Pa Kuanzia

Mtu akiniletea kompyuta iliyoanza kusumbua baada ya kupandishwa mfumo, yaani kuhamishiwa toleo jipya la Windows, macOS au Linux, kabla sijauliza kilichogoma ninauliza ameipandisha lini. Kwa Windows 11 swali hilo lina uzito wake, kwa sababu njia ya kurudi kwenye mfumo wa zamani hukaa wazi siku 10 tu. Katika siku hizo mfumo ule wote umehifadhiwa kwenye folda iitwayo Windows.old, na ukiingia Settings, kisha System, kisha Recovery, utakuta kitufe kilichoandikwa "Go back". Siku zikipita, Windows huifuta folda hiyo yenyewe ili kuokoa nafasi. Kitufe nacho kinakufa, na kuanzia hapo kurudi nyuma maana yake ni kusafisha diski na kusakinisha kila kitu upya.

Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza haihusiani na printa wala programu iliyogoma. Naongeza muda. Fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Siku 60 ndio mwisho unaokubalika, na amri hii inakufaa tu ikiwa zile 10 hazijaisha. Ukitaka kujua una siku ngapi, andika DISM /Online /Get-OSUninstallWindow. Baada ya hapo usiende Disk Cleanup ukafuta "Previous Windows installation(s)" kwa kuwa diski imejaa. Hamishia video na picha kwenye diski ya nje, folda ile uiache.

Wakati huohuo natafuta ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows linalofunga data yote ya diski. Kompyuta nyingi za sasa huwa zimefungwa diski bila mwenyewe kujua, na katika kuhangaika na matatizo haya mara nyingi tutaishia kuingia BIOS, mipangilio ya msingi inayowaka kabla ya Windows, au kuisasisha. Ukigusa humo vipengele vya usalama vya Secure Boot au TPM, kompyuta inaweza kuwaka na kukudai tarakimu 48. Asiyekuwa nazo hafiki tena kwenye faili zake. Toa amri manage-bde -protectors -get C: kisha nakili namba hiyo karatasini, na karatasi uiweke mbali na kompyuta. Ni kweli kwamba "Go back" haifuti nyaraka zako, inaondoa tu programu na draiva (programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuongea na vifaa) ulizosakinisha baada ya kupandisha. Hata hivyo mimi sianzi kazi kabla nyaraka hazijanakiliwa kwenye diski ya nje, na sioni sababu ya wewe kuanza.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Karibu kila lalamiko linalofuata upandishaji wa mfumo huangukia sehemu moja kati ya tatu: draiva, programu, au mlango ambao mfumo mpya umeufunga kwa ajili ya usalama. Watu hupoteza siku nzima kwa kutibu sehemu isiyoumwa. Printa haitoi karatasi, basi mtu anaondoa programu ya hesabu na kuirudisha, anabadilisha waya, anasakinisha draiva ya toleo jingine, vyote kwa mkupuo mmoja. Jioni printa ikifanya kazi hajui ni kipi kilichoiponya, na isipofanya kazi ana makosa manne badala ya moja. Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika ulichofanya na kilichotokea. Nina daftari la kazi hiyo na siliachi nyumbani.

Kupata sehemu inayoumwa ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani: kipe kifaa kazi bila kupitia programu inayolalamikiwa. Printa, chapisha ukurasa wa majaribio kutoka kwenye mipangilio yake. Skana, ijaribu kwa Windows Fax and Scan. Kamera ya mikutano, fungua Camera iliyokuja na Windows. Kifaa kikiitika, draiva ni nzima na kosa liko kwenye programu. Kisipoitika, iache programu kabisa, nenda kwenye draiva. Na kama hujui hata uanzie wapi, kwa mfano kompyuta inajizima tu, andika perfmon /rel kwenye sanduku la Run (Windows + R). Itafunguka chati ya siku baada ya siku ikionesha kila programu iliyoanguka na kila kitu kilichosakinishwa. Mara nyingi duara jekundu la kwanza limekaa siku ileile ya kupandisha mfumo, na jina la mkosaji limeandikwa chini yake.

Draiva

Bofya kulia kwenye kitufe cha Start, chagua Device Manager. Kifaa chenye alama ya njano ndicho tunachokitafuta. Kibofye mara mbili usome namba, maana namba hizo zina maana tofauti na watu huzipita tu. Code 28 ni kwamba draiva haipo kabisa, na hilo ni tatizo jepesi. Code 10 ni kwamba kifaa kimeshindwa kuanza, na mara nyingi draiva ipo ila hailingani na mfumo. Code 43 ni kwamba kifaa chenyewe kimetoa taarifa ya hitilafu, Windows ikakisimamisha. Hapo jaribu kwanza tundu jingine la USB au kompyuta nyingine, kwa sababu huenda kimeharibika kweli na kupandisha mfumo kunasingiziwa. Code 52 ni kwamba saini ya draiva haikuweza kuthibitishwa.

Kifaa kikiitwa "Unknown device" usikate tamaa, hata hicho kina jina. Kwenye dirisha lake fungua kichupo cha Details, na kwenye orodha ya Property chagua Hardware Ids. Utaona mstari kama PCI\VEN_10EC&DEV_8168. Herufi na tarakimu zinazofuata VEN ni za mtengenezaji: 10EC ni Realtek, 8086 ni Intel, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD. Zinazofuata DEV ni za kifaa chenyewe, na 8168 ya Realtek ni kadi ya mtandao wa waya. Kwa vifaa vya USB utaona VID na PID badala yake. Ukishapata namba hizo huhitaji tena kubahatisha.

Draiva yenyewe itoe kwenye tovuti ya aliyetengeneza kompyuta, kwa kuandika namba ya modeli iliyobandikwa chini yake. Isipokuwepo, nenda kwa mtengenezaji wa kifaa. Angalia pia ndani ya Windows Update, kwenye Advanced options, kisha Optional updates, kwa kuwa draiva nyingi hukaa hapo zikisubiri mtu azichague. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitasasisha draiva zako zote kwa kubofya mara moja, naziondoa kila ninapozikuta. Zinabadilisha hata draiva zilizokuwa nzima, kisha huwezi tena kujua kipi kilibadilika lini.

Kuna njia moja ambayo sioni ikitajwa sana, nayo imeniokoa kwenye vifaa ambavyo mtengenezaji wake hata tovuti hana tena. Draiva ya zamani iliyokuwa ikifanya kazi wiki iliyopita haijaenda popote. Imo ndani ya Windows.old. Kwenye Device Manager bofya kulia kifaa, chagua Update driver, kisha "Browse my computer for drivers", na uielekeze kwenye folda hii:

C:\Windows.old\Windows\System32\DriverStore\FileRepository

Weka tiki kwenye "Include subfolders" na usubiri, itachukua muda kidogo. Kama mfumo wa zamani na mpya wote ni wa biti 64, draiva nyingi za Windows 10 hukubali bila ubishi kwenye Windows 11. Kama ule wa zamani ulikuwa wa biti 32, usijisumbue: Windows 11 haina toleo la biti 32, na mfumo wa biti 64 haupokei draiva ya biti 32 kwa hali yoyote.

Na kama kilichokufa ni Wi-Fi, unawezaje kupakua draiva bila intaneti? Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kwenye simu kipengele cha kugawa intaneti kupitia USB, na kompyuta itaiona simu kama kadi ya mtandao.

Draiva nyingine zinazuiwa ingawa zimesakinishwa vizuri. Ingia Windows Security, kisha Device security, kisha Core isolation. Kipengele cha Memory integrity huzikataa draiva za zamani zisizofuata masharti yake, na kinaweza kukuorodheshea zinazogombana nacho, kila moja na jina kama oem12.inf. Wengi wakiona hivyo huzima ulinzi na kuendelea na maisha. Nakusihi usifanye hivyo kabla hujasoma orodha. Mara kwa mara draiva inayozuia ni ya kifaa ambacho mwenyewe alishakitupa zamani. Iondoe kwa pnputil /delete-driver oem12.inf /uninstall, ukiweka namba iliyo kwenye orodha yako, kisha washa kompyuta upya.

Programu za zamani

Kwa programu isiyofunguka, kila mtu huambiwa abofye kulia, aende Properties, kisha Compatibility, achague Windows 7 au Windows XP. Ni ushauri mzuri na ninautumia, lakini ujue unafanya nini: Windows inaiambia programu kwamba iko kwenye toleo la zamani, na inarekebisha tabia chache ziendane na hilo. Hairudishi vipande vilivyoondolewa, na haisaidii lolote kwa draiva. Kwa antivairasi na programu zinazogusa mgawanyo wa diski usiitumie kabisa. Hizo zitafutie toleo jipya. Kwenye kichupo hichohicho kuna "Change high DPI settings", ambapo unaweza kurekebisha programu ambayo maandishi yake yamekuwa madogo mno au yenye ukungu.

Programu ikilalamikia faili linaloanza na MSVCP au VCRUNTIME, inakosa Visual C++ Redistributable ya Microsoft, kifurushi cha mafaili ambayo programu nyingi huyategemea. Sakinisha ya biti 32 na ya biti 64 zote mbili, kutoka Microsoft wenyewe. Usipakue faili moja la DLL kutoka tovuti usiyoijua, kamwe. Ikitaja .NET Framework 3.5, msingi mwingine wa Microsoft ambao programu husimama juu yake, andika optionalfeatures kwenye Run uiwekee tiki. Na kisakinishi cha miaka ya 1990 kikikataa kwa kusema hakiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta yako, huenda ni cha biti 16, na hicho Windows ya biti 64 haikiendeshi. Hapo programu yenyewe inaweza kuwa ya biti 32 na nzima, tatizo likawa kisakinishi tu.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo moja, kwa sababu linatia watu hofu kubwa na linaweza kuharibu kazi ya miezi.

Mhasibu mmoja alinipigia akihema. "Fundi, ankara zote za mwaka huu zimepotea!" Alikuwa amepandisha mfumo, programu yake ya hesabu ikakataa kufunguka, mtu akamshauri aweke tiki kwenye "Run this program as an administrator". Ikafunguka, lakini ndani yake kulikuwa na kumbukumbu za zamani tu.

"Dada, funga programu hiyo sasa hivi, na usiingize hata ankara moja," nikamwambia.

Ankara zake hazikupotea. Programu nyingi za zamani zilizoea kuandika data ndani ya Program Files, palepale zilipo zenyewe. Tangu Windows Vista jambo hilo limekatazwa kwa mtumiaji wa kawaida, lakini ili programu hizo zisife, Windows huyachukua maandishi hayo kimyakimya na kuyaweka kwenye folda ya mtumiaji:

C:\Users\jina lako\AppData\Local\VirtualStore

Programu haijui kwamba imehamishwa, inaendelea kusoma na kuandika huko. Ukiiendesha kama msimamizi, uhamisho huo haufanyiki. Inasoma faili halisi lililo ndani ya Program Files, ambalo pengine halijaguswa tangu siku liliposakinishwa. Mbele ya macho yako ni vitabu vitupu au vya zamani, ilhali kazi yako yote imelala kwenye VirtualStore. Hatari kubwa ni kuanza kuingiza data kwenye lile faili la zamani, kwa sababu sasa utakuwa na vitabu viwili vinavyopishana na mtu atalazimika kuvioanisha kwa mkono.

Tulifungua File Explorer, tukawasha "Hidden items" kwenye menyu ya View, tukaingia VirtualStore. Faili la data lilikuwepo, na tarehe yake ilikuwa ya siku ya mwisho aliyofanya kazi kabla ya kupandisha. Tulilinakili kwanza kwenye diski ya nje. Kisha tukaondoa ile tiki ya msimamizi, tukaichagulia Windows 7 kwenye Compatibility, na programu ikafunguka ikiwa na ankara zote. Mwisho tukahamishia data kwenye folda iliyo nje kabisa ya Program Files na kuielekeza programu huko kupitia mipangilio yake. Kama programu yako inaruhusu kuchagua mahali pa data, fanya hivyo leo, hata kama hakuna kilichogoma.

Milango iliyofungwa

Hapa kifaa ni kizima, draiva ni nzima, programu ni nzima, na bado kazi haiendi. Mfano wa kila siku ni mashine kubwa ya kunakili inayotuma skani kwenye folda ya kompyuta. Mfumo unapandishwa, skani zinaacha kufika. Mashine nyingi za zamani huongea kwa SMB1, itifaki ya zamani ya kupitishia faili kwenye mtandao, ambayo Windows 10 iliacha kuisakinisha tangu toleo la 1709 la mwaka 2017, kwa sababu ina udhaifu ambao wadukuzi wameutumia vibaya sana. Unaweza kuirudisha kwa tiki moja. Mimi siirudishi kabla sijaingia kwenye mipangilio ya mashine ya kunakili na kutafuta matoleo yake mapya, SMB2 au SMB3. Nyingine zinayo tayari, nyingine huipata zikisasishwa. Ikishindikana, tuma skani kwa barua pepe au kwenye USB.

Hali kama hiyo inawapata wenye diski za mtandao. Windows 11 Pro ya toleo la 24H2 inadai mawasiliano ya SMB yatiwe saini, na haikubali tena kuingia kama mgeni asiye na nenosiri. Folda iliyokuwa wazi kwa wote inakataa kufunguka. Tengeneza jina na nenosiri kwenye hiyo diski ya mtandao, uingie nalo. Ni dakika chache, na folda yako inakuwa salama kuliko ilivyokuwa.

Mac na Linux

Kwenye Mac hakuna kitufe cha kurudi. Ukitaka mfumo wa zamani unafuta diski, unausakinisha upya, kisha unarudisha nakala ya Time Machine (programu ya Apple ya kuhifadhi nakala) iliyochukuliwa kabla ya kupandisha, hivyo nakala hiyo ni ya lazima. Kuanzia macOS Catalina ya mwaka 2019 programu za biti 32 hazifunguki kabisa, na Mojave ndiyo ya mwisho kuzikubali. Kwenye Mac zenye chipu za Apple, programu zilizoandikwa kwa chipu za Intel hupita kwa Rosetta 2, mkalimani wa Apple, na Apple imetangaza kwamba huduma hiyo kwa ujumla itafika macOS 27, kwa hiyo anza kutafuta mbadala. Programu ya mikutano ikishindwa kuonesha skrini, angalia kwanza ruhusa zake ndani ya Privacy & Security.

Kwenye Ubuntu, skrini ikiwa nyeusi baada ya kupandisha, washa upya, ingia "Advanced options" kwenye GRUB, menyu inayotokea kabla Ubuntu haijawaka, na uchague keneli (kiini cha mfumo) ya zamani. Ikiwaka, mara nyingi tatizo ni draiva, kama ile ya NVIDIA, ambayo haikujengwa kwa keneli mpya. Kumbuka pia kwamba hazina za programu za watu wengine huzimwa wakati wa kupandisha, uziwashe mwenyewe baada ya kuhakikisha zina toleo linalolingana.

Kuna vifaa ambavyo havitakubali, na ni heri kuamua mapema. Kifaa cha kazi kisichokuwa na draiva mpya, na kisichokubali ya zamani, ni sababu halali ya kubofya "Go back". Ila Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo kompyuta hiyo iondoe kwenye intaneti na uiachie kazi ya kifaa kile pekee. Njia ninayoipenda zaidi ni kuweka mfumo wa zamani ndani ya mashine pepe, kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta yako, kwa programu ya VirtualBox, ambayo inaweza kukabidhi kifaa cha USB moja kwa moja kwa mfumo ulio ndani. Kwenye mipangilio ya mashine hiyo, upande wa Network, ondoa tiki ya "Enable Network Adapter".

Kama ofisini kuna kompyuta nyingine zinazosubiri zamu, anza na hizo kabla hazijaguswa. Hamisha draiva zake zote kwa pnputil /export-driver * ukifuatisha njia ya folda iliyopo kwenye diski ya nje. Kisha chomeka USB yenye Windows 11, na kutoka ndani yake toa amri setup.exe /Auto Upgrade /Quiet /NoReboot /Compat ScanOnly /EULA Accept. Itakagua bila kubadilisha mfumo, na matokeo utayakuta kwenye faili la setupact.log, ndani ya C:\$WINDOWS.~BT\Sources\Panther. Namba 0xC1900210 ni kwamba hakuna pingamizi lililoonekana. Namba 0xC1900208 ni kwamba kuna programu au draiva isiyolingana: itafute, uiondoe au uisasishe, ukague tena.